Kibarua wa minofu na siku 84 za uzazi: kisa cha kiwanda kimoja Mwanza

Kiwanda cha minofu ya sangara hakina Jumatatu wala Jumamosi. Kina siku ya samaki na siku isiyo na samaki. Mzigo ukiingia wa kutosha, vibarua wanajaa getini tangu saa kumi na mbili asubuhi na nyapara anasoma majina. Mzigo ukiwa mdogo anasoma majina machache, na waliobaki wanarudi walikotoka na nauli imeshaliwa. Katika mpango wa kazi wa namna hiyo, mwanamke akishika mimba anaulizwa swali ambalo mwajiriwa wa kudumu haulizwi: likizo ya uzazi ya nini, wakati hata kesho hujui kama utaitwa?

Kisa ninachokichambua ni cha mfano. Nimekiunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanawake wa kazi za geti, na tarehe nimezipanga ili hesabu iweze kufanyika. Sheria ninayoitumia ni ya Tanzania Bara: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura 366, na ndugu yake Sheria ya Taasisi za Kazi, Sura 300. Namba za vifungu ni za Toleo la 2019. Ukishika toleo jipya zaidi, huenda baadhi zimesogea. Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya 2005, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asichukue hesabu hizi kama zilivyo.

Mlalamikaji wetu alianza kazi 4 Machi 2024 kwenye meza ya kusafisha minofu. Mnofu ukishachunwa ngozi unafika kwake, anatoa miiba iliyobaki, anapunguza mafuta, anapanga kwenye trei. Trei inapimwa na kilo zinaandikwa kwenye daftari mbele ya jina lake. Analipwa kwa kilo, kila Jumamosi, kwa simu. Awamu ya kwanza iliisha 31 Mei, samaki walipopungua na nyapara akawaambia wakae nyumbani, wataitwa. Akaitwa 8 Julai, akafanya hadi 14 Septemba. Akakaa tena mwezi mzima. Akaitwa 14 Oktoba, akafanya hadi 31 Desemba. Mkataba wa maandishi hana. Kitambulisho hana. Alikuwa na aproni yenye namba, na aproni inabaki kiwandani.

Mwishoni mwa Novemba alimwonyesha supavaiza kadi ya kliniki. Tarehe ya matarajio: 8 Machi 2025. Supavaiza akaipiga picha kadi ile, akamtumia afisa utumishi kwa WhatsApp. Jibu likarudi la neno moja: "Nimeona." Siku ya mwisho wa mwaka wakaambiwa kwamba kuanzia Januari meza yao inahamia zamu ya usiku. Supavaiza akamgeukia: wewe na tumbo hilo usiku hapana, subiri tutakuita. Akasubiri huku akipita getini mara kwa mara. Tarehe 20 Januari nyapara akamwambia jina lake limeshatolewa kwenye listi.

Alipouliza malipo ya uzazi akajibiwa mambo matatu. Kwanza, yeye hakuwa mwajiriwa, alikuwa mtu wa kilo. Pili, kibarua mkataba wake unaisha kila jioni. Tatu, hata angekuwa mwajiriwa, hakufikisha miezi sita mfululizo.

Nianze na hilo la tatu, maana ndilo lenye sura ya sheria. Kweli kifungu cha 29(1) kinasema mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo ya malipo. Maafisa utumishi wengi wanakijua kifungu hiki kwa moyo. Tatizo ni kwamba wanafunga kitabu wakifika mwisho wa mstari huo, na chini yake kuna 29(2) chenye mambo mawili. La kwanza: aliyeajiriwa kwa msimu ana haki ya likizo za malipo chini ya sehemu hiyo ya sheria. La pili, ambalo ndilo kiini cha kisa hiki: mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita lakini amemfanyia kazi mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, naye ana haki, endapo jumla ya muda aliofanya kazi kwa mwajiri huyo inazidi miezi sita katika mwaka huo.

Soma tena: jumla. Neno "mfululizo" halimo. Afisa utumishi amelitoa kichwani kwake, pengine kwa nia njema tu, kwa sababu ndivyo walivyoambiana ofisini miaka yote.

Sasa tuhesabu. Awamu ya kwanza, 4 Machi hadi 31 Mei, ni siku 89 za kalenda. Ya pili ni 69. Ya tatu ni 79. Jumla siku 237, yaani zaidi ya miezi saba na nusu. Ukipima muda kwa kalenda ya kila awamu, hakuna mjadala, amevuka.

Kiwanda hakitakubali kirahisi. Kitasema muda wa kufanya kazi maana yake ni siku alizoingia mezani, siyo siku alizokuwa nyumbani katikati ya wiki akisubiri samaki. Sheria haitoi kanuni ya kuhesabu hapo, na mimi ningeshikilia kalenda ya awamu: mtu aliyeambiwa kaa karibu na simu bado yuko kwenye kazi ile. Lakini wakili mzuri, au msaidizi wa kisheria mzuri, huandaa pia hesabu ya adui. Tuchukue wiki ya siku sita, mwezi wa siku 26 za kazi. Miezi sita ni siku 156. Mlalamikaji anasema aliingia siku 66 awamu ya kwanza, 47 ya pili na 49 ya tatu. Jumla 162. Daftari la geti linasema 151.

Kwa hiyo kesi nzima, kwa kipimo kikali, imesimama juu ya siku 11. Ukilifungua daftari unaziona zilipopotelea: wiki mbili za kwanza za Machi hazina jina lake kabisa, kwa sababu wakati huo listi ilikuwa mkononi mwa nyapara mwingine aliyekuwa na daftari lake. Lakini simu ya mlalamikaji ina meseji za malipo za Jumamosi mbili, 9 na 16 Machi, kutoka namba ileile iliyomlipa mwaka mzima. Kiwanda hakiwezi kueleza kilimlipa kwa minofu gani kama hakuwepo. Meseji hizo hazisemi siku ngapi, zinasema shilingi tu, ila zinavunja nguvu ya daftari. Na hapo sheria inamsaidia tena: kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na mwajiri akishindwa kuyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa unamwangukia yeye.

Nimewaona watu wakibadilisha simu au laini na kufuta kila kitu. Kibarua anayelipwa kwa simu asifute meseji hizo. Kama simu imeharibika, aombe taarifa ya miamala kwa mtandao wake. Hiyo ina uzito zaidi hata ya meseji.

Turudi kwenye hoja ya kwanza, ya mtu wa kilo. Hii haina urefu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinaweka dhana: mtu anayemfanyia kazi mwingine au kumpa huduma anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitike vinginevyo, ikiwa mojawapo ya mambo yaliyotajwa lipo. Namna anavyofanya kazi iko chini ya usimamizi wa mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea kiuchumi. Moja likiwepo linatosha kuanzisha dhana. Huyu dada anayo karibu yote. Kisu cha kiwanda, aproni ya kiwanda, meza ya kiwanda, supavaiza wa kiwanda, na saa 45 alikuwa anazimaliza ndani ya wiki moja mzigo ukiwa mzuri. Kulipwa kwa kilo ni njia ya kupima ujira, basi.

Hoja ya pili, kwamba mkataba unafia getini kila jioni, ndiyo inayotisha wengi na ndiyo iliyochanganyika na lile lililotokea Desemba. Tuipe nafasi.

Likizo ya uzazi chini ya kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua inayotarajiwa, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa ni lazima. Kwa tarehe ya 8 Machi, wiki nne zinaturudisha 8 Februari. Mlalamikaji alitolewa mezani 31 Desemba. Kati ya siku hizo mbili kuna pengo la wiki tano na ushee, na kiwanda kitajificha humo: tarehe 8 Februari hukuwa mfanyakazi wetu, utadaije likizo kwa mtu ambaye si mwajiri wako? Hoja za kilo na za miezi sita zinajibika kwa kalamu na karatasi. Hili la pengo lisipojibiwa, mengine yote hayana kazi.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, mwenendo wa pande zote mbili. Mara mbili kabla ya hapo, Mei na Septemba, aliambiwa maneno yaleyale, "tutakuita", na mara zote mbili aliitwa akarudi meza ileile kwa malipo yaleyale. Kama neno hilo lilikuwa na maana ya kusubiri mwezi wa Mei, haliwezi kugeuka ghafla kuwa na maana ya kufukuzwa mwezi wa Desemba kwa sababu tu limesemwa kwa mwenye mimba. Ajira ilikatika 20 Januari, jina lilipotolewa.

Pili, sababu ya kukatika. Wenzake wa meza ile waliingia zamu ya usiku Januari. Yeye hakuitwa, na sababu ilitajwa waziwazi: tumbo. Sheria, kifungu cha 20, inamkataza mwajiri kumtaka mjamzito afanye kazi usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Supavaiza pengine alikuwa ameisikia sheria hiyo kwa mbali. Lakini katazo limewekwa kumlinda mama asichoshwe usiku. Halimpi mwajiri ruhusa ya kumfuta kwenye listi. Kiwanda kile kina kazi za mchana hata mzigo ukiwa mdogo: kufunga katoni, kufua aproni, kupanga trei. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu inayohusiana na ujauzito hakukubaliki chini ya kifungu cha 37, na kifungu cha 7 kinautaja ujauzito miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa.

Kiwanda kitajaribu mlango mmoja zaidi, kifungu cha 35: ulinzi dhidi ya kuachishwa haumgusi mwenye ajira ya chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kifungu hicho chenyewe kinaongeza maneno ambayo ni kama yameandikwa kwa ajili ya watu wa geti: iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Hata ukikubali kwamba kila jioni mkataba ulikufa na kila asubuhi ukazaliwa mpya, mikataba hiyo inajumlishwa. Hesabu yetu ya 237, au ya 162, inafanya kazi mara ya pili bila kuongezwa chochote.

Taarifa ya uzazi haina shida kubwa. Sheria inataka taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, ikiambatana na cheti cha daktari. Mwisho wa Novemba ni kabla ya 8 Desemba, muda ulitosha. Kiwanda kinaweza kusema kadi ya kliniki si cheti. Ningepeleka cheti rasmi kutoka kituo cha afya hata sasa, na ningeonyesha lile jibu la "Nimeona". Mtu aliyeona na asidai cheti anapata taabu kukidai baadaye.

Kuhusu fedha. Siku 84 za malipo kwa mtoto mmoja, 100 kwa mapacha. Wiki 12. Kwa anayelipwa kwa kipimo kisicho cha muda, kifungu cha 26 kinamhesabu kama mtu anayelipwa kwa wiki, na ujira wa wiki unapatikana kwa kuangalia alichopata katika wiki 13 zilizopita, au katika muda wa ajira yake kama ni mfupi kuliko huo. Awamu ya tatu ilimpa shilingi 441,000. Wiki 13 kurudi nyuma kutoka 31 Desemba zinafika mwanzoni mwa Oktoba, kabla hajaitwa, kwa hiyo kiwanda kitagawanya kwa 13 na kuingiza wiki mbili za sifuri: 33,923 kwa wiki, 407,077 kwa wiki 12. Mlalamikaji atagawanya kwa wiki 11 alizofanya kazi: 40,091 kwa wiki, 481,091 kwa likizo nzima. Tofauti ni shilingi 74,014, na kwa mtu anayenunua mapanki, mabaki ya samaki aliyekwisha kutolewa minofu, sokoni ili watoto wapate mchuzi, hiyo ni pesa.

Nani ana haki hapo? Sioni jibu la moja kwa moja. Anayesema ajira haikukatika tangu Machi, kama tulivyosema sisi kwenye pengo la Desemba, anajifunga pia kuzikubali wiki za sifuri. Anayetaka kugawanya kwa 11 anakiri kwamba kila awamu ilikuwa ajira yake. Huwezi kula huku na huku. Mimi ningemshauri aikubali 407,077 na ailinde hoja ya ajira isiyokatika, kwa sababu hiyo ndiyo inayobeba dai la kuachishwa isivyo halali, na fidia ya dai hilo inayapita malipo ya uzazi kwa mbali. Akienda kudai elfu sabini na nne anaweza kupoteza mamilioni.

Mafao ya uzazi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sikuyagusa kwa sababu hayamfikii: mfuko unadai historia ya michango ambayo mtu wa miezi kumi hana, na huyu hakuwahi hata kuandikishwa. Kutoandikishwa ni kosa la mwajiri, lakini ni shauri jingine na mlango wake ni mwingine.

Msomaji wa Mombasa au Malindi atagundua kwamba njia yake ni tofauti. Kenya hawajumlishi miezi sita. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamgeuza kibarua aliyefanya siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja kuwa mtu wa mkataba wa mwezi, na akifanya mfululizo miezi miwili au zaidi anapata masharti yote ya sheria hiyo, ikiwemo likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili chini ya kifungu cha 29. Ila huko neno "mfululizo" limo kweli, na mama wa awamu awamu kama huyu wetu angekuwa na kazi ngumu zaidi katika miezi yake ya kukaa.

Kilichobaki ni siku za kufungua shauri, na hazisubiri. Kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30, mingine yote ndani ya 60. Tukihesabu kutoka 20 Januari, siku 30 zinaisha 19 Februari na 60 zinaisha 21 Machi. Kiwanda kitahesabu kutoka 31 Desemba, ambapo siku 30 zilikwisha 30 Januari. Mlalamikaji alifika kuomba msaada 10 Februari. Fomu ya CMA namba 1 ikajazwa siku hiyohiyo, ikapelekwa kwanza kwa kiwanda na kusainiwa kupokelewa, kisha ikasajiliwa. Na kwa tahadhari, pamoja nayo ikaenda fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, ikieleza safari zake za getini Januari nzima, endapo msuluhishi ataiona Desemba kuwa ndiyo tarehe sahihi.

Usuluhishi unatakiwa umalizike ndani ya siku 30 tangu shauri lipelekwe, yaani kufikia 12 Machi. Tarehe ya matarajio ni 8 Machi. Mlalamikaji asipotokea siku ya usuluhishi, msuluhishi ana mamlaka ya kulifuta shauri. Sheria inamruhusu kuwakilishwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, wakili, au mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuondoka ofisini siku ile ya 10 Februari ilibidi aandike barua moja zaidi ya kumteua dada yake amwakilishe, nakala moja Tume na nyingine kiwandani, na simu yenye zile meseji akaiacha mikononi mwa dada.